Mwaka Tuliozika Maziwa

Mwalimu Zakaria alizikwa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, mvua ikinyesha, na mimi nilifika kaburini na matope hadi magotini kwa sababu gari tulilopanda kutoka Mbarara lilikwama njiani. Baada ya mazishi tulikaa kwenye kilio, chini ya turubai, tukapewa maharage na bugali ya muhogo. Kijana mmoja aliyekaa karibu nami, mwenye simu kubwa na shati la kupendeza, akaniinamia. "Mama, huyu muzee alikuwa anafundisha nini?" Nikamwambia alifundisha filozofi. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Filozofi, mu kambi? Batu habana sabuni, yeye analeta filozofi?" Weee! Kidogo nimmwagie yale maharage kwenye lile shati. Nilijizuia kwa sababu mjane alikuwa anatutazama, nikamwambia tu, "Kula, mwanangu, chakula kitapoa." Lakini kicheko kile nilirudi nacho Mbarara, nikalala nacho, nikaamka nacho. Kwa hiyo nitaeleza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na yeye akitaka kucheka tena, acheke akiwa amesikia.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi Mbarara kwenye kituo cha kupozea maziwa ya kupelekwa Kampala. Jumatatu hadi Ijumaa nililala mjini, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya mbao, vumbi la msumeno likiingia hadi ndani ya chumvi. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mambo ya ndoa ya majirani niliyajua kuliko pasta wao. Asubuhi tulikula katogo, matoke yaliyochanganywa na utumbo wa ng'ombe, tena tukiwa tumesimama, maana pikipiki za maziwa zilianza kuingia jua halijachomoza vizuri, mikebe imefungwa ubavuni na dereva amelowa umande. Kazi yangu ilikuwa kupima. Nilipima kama maziwa yametiwa maji, kisha nilipima kama yana dawa. Hili la dawa nilieleze vizuri, kisa chote kiko hapo. Ng'ombe akiugua anachomwa sindano, na ile dawa inashuka kwenye maziwa yake kwa siku kadhaa. Kuna mtu akiyanywa mwili unamvimba. Na hata asiyevimba, kidogo kidogo magonjwa yanaizoea ile dawa, siku akiihitaji kweli haimsaidii. Kuchemsha hakuiondoi. Mwenye ng'ombe anatakiwa angoje mpaka ziishe siku hizo, lakini nani anangoja? Basi nilichovya kikaratasi changu, nikasubiri rangi, na mkebe ulioshindwa niliufunga utepe mwekundu kwenye mkono wake, ukawekwa kando. Gari la bosi liliichukua mikebe hiyo. "Inaenda kwa nguruwe," niliambiwa, nami sikuwa na sababu ya kubishana na nguruwe.

Bosi wetu, Bwana Tumwine, alikuwa Mnyankole wa ng'ombe tangu kuzaliwa, mnene, mpole, mtu wa kuuliza habari za ng'ombe wako kabla ya habari za watoto wako. Alinipenda kwa sababu nami nimetoka kwa watu wa ng'ombe, wa milima ya Kivu Kusini, kule Kongo. "Nyabo, wewe najua maziwa," aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni; nyabo kwao ni mama. "Januari mimi nakupeleka shule ya maziwa. Utarudi mkubwa hapa." Shule ile ndiyo ilikuwa roho yangu. Mkimbizi kupata mtu wa kumshika mkono hadi shule ya ufundi, si jambo la kila siku. Nilishajiona nimevaa koti jeupe, jina langu, Debora, limeshonwa kifuani. Mwaka ule hapakuwa na kitu kingine nilichokitaka hivyo, hata mume.

Jumamosi nilirudi Nakivale, na alasiri nilikwenda kwa Baba Sifa, fundi cherehani. Alisukuma vyerehani ukutani, tukakaa juu ya mabunda ya mitumba, chumba kikinuka mafuta ya mashine na sambaza, dagaa wa kwetu, ambazo mkewe alikuwa akizikaanga upande wa pili wa pazia. Humo ndimo Mwalimu Zakaria alimofundishia. Kule Uvira alikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa alikuwa na shamba la mahindi na koti moja la kijivu. Siku ya kwanza mtu alimwomba kitabu. Akasema: "Kitabu kilibaki kule. Musiniletee kitabu, muniletee kazi yenu." Basi kila mtu alileta swali kutoka kazini kwake, tukalitafuna. Safari, fundi wa simu, aliuliza: mteja ameniachia simu yake, nikiitengeneza picha zimefunguka, na ndani nimemwona mume wa dada yangu, nifanye nini? Mama Kito, msusi, aliuliza kama ni dhambi kumwambia bibi harusi amependeza wakati macho yako yanaona mengine. Tulicheka hadi machozi, kisha Mwalimu akainua kidole: "Bon. Tumecheka. Sasa, nani anaumia?" Hilo lilikuwa swali lake kwa kila jambo. Nani anaumia, na aliyeamua, angekubali kukaa fasi ya yule anayeumia? Leo nina duka langu dogo la mtindi hapa Mbarara, na vijana wa ofisini wakija wananieleza maneno marefu ya maadili ya kazi waliyopewa kwenye semina hotelini. Nawasikiliza kwa heshima, kisha nawauliza nani anaumia. Wengi wao hapo ndipo hukumbuka kwamba simu zao zinalia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Jumamosi moja, kabla ya darasa, nilipita kumsalimia Mama Zipora, mjane aliyeendesha chekechea karibu na kanisa letu. Watoto wengi pale walikuwa wa familia zilizotoka Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, juzi juzi, zimepewa kiwanja na turubai, hazijavuna hata jani. Alikuwa ameanza kuwapa uji wa maziwa, na sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kwa Warundi wa ng'ambo ya barabara. Nilikuta watoto uani wakijifunza wimbo wa Jumapili. Kila msichana mwenye nywele za kufungika alikuwa na utepe mwekundu kichwani. Mwekundu ule ule wa mikebe yangu, upana ule ule. "Mama Zipora, hizi tepe mumezitoa wapi?" Akacheka kwa furaha. "Si zinakuja na maziwa! Gari ya bosi yako njo inaleta, Jumatatu na Ijumaa. Eh, Debora, ule mutu Mungu amubariki. Maziwa ya kamba nyekundu, anasema ni ya batoto." Mtoto mmoja akaja kunionyesha wake, akajigeuza ili niuone vizuri. Nikamwambia amependeza. Nikamwambia Mama Zipora kichwa kinaniuma, nikatoka.

Alasiri ile swali lilikuwa langu. Nililisema lote, bila kuficha jina la bosi wala shule niliyoahidiwa. Moto ukawaka. Baba Sifa alipiga paja. "Kuku ukimchunguza sana hutamla! Batoto banakunywa, banacheza, banaongezeka kilo. Unataka barudie uji ya maji na chumvi?" Mama Kito akamrukia: "Na weye, ungemupa Sifa yako?" "Si nitamupa! Ni maziwa!" Safari akasema labda dawa yenyewe ni kidogo tu. Mwingine akasema zawadi haikaguliwi. Hapo mke wa Baba Sifa alitoa kichwa kwenye pazia, kijiko mkononi. "Batu ba Kampala bakatazwe, ba kwetu bapewe? Kwani tumbo ya mukimbizi ni ya chuma?" Akarudi kwa sambaza zake.

Mwalimu alikuwa anasugua goti. Nilitaka aseme niko sahihi. Hakusema. Aliuliza, "Debora, ukiisimamisha hiyo maziwa, batoto batakunywa nini?" Nikapandwa na hasira. "Mwalimu, ile ina sumu!" "Nimesikia. Lakini ukitoa kikombe mu mukono ya mutoto, na haukuweka ingine, umejisafisha weye. Mutoto haukumupa kitu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na kuko neno ingine. Maziwa haimwagwi." Wote tukainamisha vichwa. Hilo kila mtu wa ng'ombe analijua, wetu na wa Ankole pia: ukimwaga maziwa kwa kusudi, ng'ombe wanakauka na nyumba inapata mkosi. Nilipokuwa mdogo, tone likianguka mezani tulilipangusa kwa kidole tukalilamba. Mwalimu akaitazama mikono yake. "Sababu zote naziona. Naweza kuzipanga moja moja mbele yenu. Lakini mukono yangu haitageuza mukebe." Nilimheshimu kwa kusema hivyo waziwazi, na nilimkasirikia vilevile.

Hasira ndiyo iliyonipeleka. Jumapili baada ya ibada nilifunga kitenge kiunoni, nikaanza kuzunguka kwa wafugaji, na nilipogeuka nikamwona Mwalimu anakuja nyuma na fimbo yake. "Nilisema mukono haitageuza mukebe," alisema. "Miguu sikuisemea kitu." Tulikwenda boma hadi boma, mpaka upande wa Endiinzi, tukiomba kila nyumba yenye ng'ombe anayekamuliwa itoe kikombe kwa ajili ya chekechea, kikombe cha ng'ombe ambaye hajachomwa sindano. Wengine walikubali hapo hapo. Mzee mmoja alitukaribisha, akatunywesha, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema ng'ombe wake si wa serikali. Mama mmoja aliona haya, akatuambia wake alichomwa juzi, kwa hiyo hana cha kutupa. Mwalimu alivua kofia. "Mama, umetupa kitu kikubwa." Nilidhani ni maneno ya kanisani. Sasa ninapokwenda mwenyewe kwa wafugaji kununua maziwa ya mtindi, naelewa: kikaratasi hakifiki kila nyumba, na mahali ambapo hakifiki, kilichobaki ni mtu kufungua kinywa na kusema wangu amechomwa. Tulirudi na ahadi za kutosha sufuria moja ya uji, tena uji mwepesi.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Bwana Tumwine na buti zangu za mpira, sikungoja kuitwa. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia nimeziona tepe. Hakukana, wala hakuona aibu, na hilo ndilo lililonichanganya. "Nyabo, mimi nitafanya nini? Mimi hapana mwaga maziwa. Baba yangu hapana mwaga hata siku moja, mpaka alikufa. Na watu ya kambi iko na njaa. Mimi nafikiri, Mungu nafungua mlango." Nikamuuliza kama angewapa watoto wake. "Banange! Mimi mwenyewe nilikunywa hiyo maziwa utoto yangu yote. Nani alikuwa napima?" Nikamuuliza mbona basi hayatii kwenye tangi pamoja na mengine. Akaweka kikombe chini. "Kampala watakataa." "Kwa hiyo wa Kampala wanalindwa na kikaratasi, bosi. Wa Nakivale wanalindwa na nani?" Alinitazama kwa huzuni. Akaniambia nikinyamaza, Januari iko palepale. Nikiwaambia watu, kituo kitapata jina baya, wenye ng'ombe watapeleka maziwa kwingine, na hapo hatakuwa na kazi ya kunipa wala shule. "Fikiria, nyabo. Wewe iko na akili."

Nilifikiria juma zima. Nilipima, nilifunga tepe, nilikula katogo. Majirani zangu wa ukutani waligombana, wakapatana, wakagombana tena. Watu wakinisimulia habari za ushujaa huwa naguna, kwa sababu mimi sikuwa shujaa. Nilikuwa ninalia bafuni nimefungulia maji ili mwenye nyumba asisikie. Niligeuza lile swali kila upande nikitafuta mahali litakaponiachia shule yangu. Nilijaribu kusema dawa ni kidogo. Nilijaribu kusema mimi ni mpimaji tu, gari si langu. Kila mara nilimwona yule mtoto anajigeuza ili niuone utepe wake. Jibu halikubadilika hata siku moja, na hilo hasa ndilo lililoniliza.

Ijumaa niliomba lifti kwenye gari la bosi, nikakaa nyuma pamoja na mikebe yenye tepe zangu. Dereva alitushusha wote uani kwa Mama Zipora, akaondoka. Wanawake walikuwa wamekuja kuchukua watoto wao, na Mwalimu alikuwa amesimama kando ya ua. Nikasema kila kitu. Mama Zipora alishika kichwa. "Mawe, mama wee! Na mimi nimebapa na mukono yangu!" Akakaa chini kwenye vumbi, wenzake wakamzunguka. Nikaushika mkebe wa kwanza, nikauburuta hadi kwenye migomba, nikafungua kifuniko. Maziwa yalikuwa meupe, mazuri, yana povu. Koko mmoja, bibi mzee aliyekuja kumchukua mjukuu, alipiga ukelele. "Mutoto wa nani huyu? Anamwaga maziwa mbele yetu!" Nikainua. Mikono yangu, ambayo ilizijua sababu zote, ikagoma. Kumbe Mwalimu alikuwa amenisemea na mimi pia. Nilisimama pale nimekumbatia mkebe, siumwagi, siurudishi.

Ndipo Mwalimu alipomsogelea yule bibi. "Koko, niulize kitu. Ng'ombe ikikufa na ugonjwa mubaya, tunaikula?" "Ata! Hapana." "Basi tunaitupa mu njia?" "Unanitukana? Ng'ombe yangu? Tunaizika." Akalisema neno lenyewe, na tukamwona anajisikia mwenyewe. Bibi alitazama mkebe, akanitazama mimi, akavua kandambili zake, akaziweka kando. "Kama ni kuzika, muchimbe sawasawa. Si kashimo ka panya!" Mtu akacheka, mwingine akakimbilia jembe. Lilichimbwa shimo hasa. Mama Zipora aliinuka, akafuta machozi kwa kitenge, akashika mkono wa pili wa mkebe, tukainamisha pamoja. Bibi alitupa udongo wa kwanza, na Mwalimu akachukua jembe, akafunika. Nimesikia watu wasomi wakisema mila zinatuchelewesha, zitupwe. Na nimesikia wengine wakisema mila haziguswi. Mimi nilisimama kwenye migomba ile nikaona watu wanaichukua mila yao, wanaiuliza swali, na yenyewe inajibu. Jumatatu watoto walikunywa uji wa vikombe vya kuombwa, mwepesi hadi chini ya kikombe kukaonekana, na ukaendelea hivyo mpaka familia zao zikavuna. Hiyo ndiyo filozofi ya kambini, mwanangu mwenye shati zuri.

Habari ilifika Mbarara kabla yangu. Jumatatu Bwana Tumwine alikuwa amesimama uani, kofia kichwani, ananingoja. "Nyabo, ulimwaga?" "Hatukumwaga, bosi. Tulizika." Akasema kazi yangu imekwisha, na Januari imekwisha. Hakupaza sauti, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikavua aproni, nikamkabidhi mwenzangu. Nilikuwa nimefika getini aliponiita. Kando ya ukuta, kati ya mikebe ya asubuhi, mmoja ulikuwa tayari una utepe. "Hiyo shimo," akasema, "ilikwenda chini namna gani?" Nikamwonyesha kiunoni. Akatuma jembe liletwe.

Sikuwa mfanyakazi wake tena. Ningeweza kwenda zangu. Nilichimba. Nilichimba kwa hasira yote niliyokuwa nayo, jasho na machozi pamoja, na wenzangu wakatoka ndani kutazama wasijue wacheke au walie. Shule yangu ilikuwa imekwenda na nilijua haitarudi, na bado nilitaka lile shimo liwe zuri. Nilipotoka ndani yake, Bwana Tumwine alivua kofia. Alinyanyua mkebe mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akauinamisha huku amegeuza uso pembeni. Maziwa yakashuka. Akabaki na mkebe mtupu mikononi.

"Watu yako," akaniuliza, "wanasema maneno gani hapa?"

"Hatusemi kitu, bosi," nikamwambia, nikampa jembe. "Tunafunika."